Niliahidiwa Nauli ya Mahojiano, Sasa Simu Haishikwi

Maswali ya Wasomaji: Kazi na Haki

SWALI: Mshauri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Kisauni, Mombasa, na nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Mwezi wa tatu niliitwa na kampuni moja ya usambazaji wa bidhaa iliyoko Upper Hill, Nairobi, nihojiwe kwa nafasi ya msimamizi wa ghala. Barua pepe ya mwaliko, ambayo nimekuambatanishia, ilisema kwamba waombaji wanaotoka nje ya Nairobi watarejeshewa gharama za usafiri wakiwasilisha risiti. Sikuwa na pesa, lakini kwa sababu ya ahadi hiyo nilimkopa mjomba wangu shilingi 7,000, nikapanda treni ya alasiri pale Miritini, nikalala katika nyumba ya wageni huko Ngara, na saa tatu asubuhi nikawa nimeketi mapokezi pamoja na wenzangu watano.

Nilipotoka chumba cha mahojiano, binti wa mapokezi alinipa fomu yenye kichwa cha "Marejesho ya Nauli". Niliijaza, nikaibania risiti nilizokuwa nazo, naye akaniambia pesa zitaingia kwenye simu ndani ya wiki mbili. Wiki tatu baadaye nikaletewa ujumbe kwamba sikufaulu, na pesa hazijaja hadi leo. Nimempigia afisa wa rasilimali watu mara tisa. Mwanzo alisema uhasibu wanashughulikia, kisha akasema risiti zangu hazifai, na sasa hashiki simu kabisa. Ninadai shilingi 9,100: treni kwenda na kurudi 3,000, chumba 1,800, matatu, tuktuk na bodaboda 850, cheti cha tabia njema 1,050, na siku mbili za kibarua nilizokosa 2,400.

Rafiki zangu wananishauri niwaanike mtandaoni pamoja na nambari ya simu ya huyo afisa. Wengine wanasema niende mahakamani kwa kuwa nafasi yenyewe ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Mjomba naye ananidai. Nifanye nini?

Mwombaji Aliyechoka, Kisauni

JIBU: Ndugu yangu wa Kisauni, umefunga malalamiko mawili kitita kimoja, la kutolipwa na la kutoajiriwa, na ushauri wangu wa kwanza ni uyafungue kabla hujaandika neno lolote kwa kampuni hiyo. Kama nafasi ilikuwa na mwenyewe au haikuwa naye ni jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi, na katika barua yako sioni ushahidi wowote. Deni la nauli halihitaji uthibitisho wa namna hiyo, kwa maana lingekuwapo vilevile hata kama ungepata kazi. Ukiyachanganya, atakayesoma barua yako ataona uchungu wa aliyeshindwa, ataiweka kando, na deni litazikwa humo humo.

Sasa tuitazame sheria, ambayo katika jambo hili ni chache kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007 inashughulikia hasa uhusiano kati ya mwajiri na mfanyakazi aliyekwisha kuajiriwa. Mwombaji kazi ameguswa katika kifungu cha 5, kinachomkataza mwajiri kumbagua anayetafuta kazi kwa misingi kama vile kabila, jinsia, dini au ulemavu, lakini hakuna kifungu kinachomlazimisha mwajiri kulipa nauli ya anayekuja kuhojiwa. Kama mwaliko wako ungekuwa kimya kuhusu gharama, ningekujibu kwa sentensi moja kwamba safari hiyo ilikuwa juu yako, na ungekasirika nami bure. Haki yako imetoka mahali pengine kabisa, nayo ni ahadi.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaiingiza nchini sheria ya kawaida ya Uingereza kuhusu mikataba, na katika sheria hiyo ahadi iliyotolewa kwa sharti inaweza kukubaliwa kwa kitendo bila ya watu kutia sahihi karatasi yoyote. Wanafunzi wa sheria hufundishwa jambo hili kwa kesi ya Carlill, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za Uingereza mwaka 1893. Bi Carlill alisoma tangazo la gazeti lililoahidi pauni 100 kwa yeyote atakayetumia dawa fulani ya kukinga mafua kama ilivyoelekezwa kisha augue, akaitumia, akaugua, na kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya kibiashara tu. Mahakama ya Rufani iliona vingine, na mama akalipwa. Wewe uliambiwa uje kutoka nje ya Nairobi, ulete risiti, nawe urejeshewe. Ukaja, ukaleta. Kampuni haiwezi kusema sasa kwamba ilikuwa hisani, hasa kwa kuwa ulikopa ukiitegemea ahadi hiyo.

Hata hivyo, ahadi hudaiwa kwa kipimo cha maneno yake, na hapo ndipo hesabu yako inapohitaji mkasi. Cheti cha tabia njema si safari. Ni hati yako, utaitumia kwa mwajiri mwingine, na hakuna aliyekuahidi kuilipia. Siku mbili za kibarua ni hasara ya kweli, ambayo mtu wa ofisini mwenye mshahara wa mwezi huenda hata haioni, lakini mwaliko haukuitaja wala kuigusia. Yaondoe hayo mawili na utabaki na shilingi 5,650, ambazo unaweza kuzitetea bila kigugumizi. Najua inauma kukata 3,450 kwa mkono wako mwenyewe. Lakini mhasibu anayekuta vitu viwili visivyolipika ndani ya dai hupata kisingizio cha kulirudisha lote.

Chumba cha Ngara ndicho chenye ubishi halisi. Nimeisoma barua yako ya mwaliko mara tatu, na kwa Kiingereza chake imeahidi "gharama za usafiri", ilhali fomu uliyopewa mapokezi inazungumzia "nauli". Nauli ni anachopokea kondakta au karani wa tikiti. Gharama za usafiri ni neno pana zaidi, na mtu anayetoka Mombasa kuwahi mahojiano ya saa tatu asubuhi ana hoja nzuri kwamba mahali pa kulala ni sehemu ya safari hiyo. Mahakama zina desturi ya kuyasoma maneno yenye utata dhidi ya aliyeyaandika, na hapa aliyeyaandika ni kampuni. Tena mwaliko ulikufikia kwanza, nao ndio uliokutoa nyumbani. Fomu ulipewa ukiwa tayari umeshalala na kuamka. Jiandae tu kwa jibu watakalokupa, kwamba ungepanda treni ya usiku ingekufikisha Syokimau alfajiri bila kuhitaji chumba. Unaweza kuwajibu kwamba mtu anayeshuka treni kabla ya jua kuchomoza, akangoja stesheni akiwa na usingizi machoni, haendi kuhojiwa akiwa katika hali ambayo mwajiri yeyote angependa kumwona. Mimi binafsi nalikubali jibu hilo, lakini siwezi kukuahidi kwamba mhasibu atalikubali.

Kuhusu risiti "zisizofaa", huenda afisa huyo hakukudanganya moja kwa moja, ila hakukueleza chote. Tangu Januari 1, 2024, kampuni inayotaka gharama itambuliwe katika kukokotoa kodi yake ya mapato inatakiwa, isipokuwa kwa gharama zilizosamehewa, iwe na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki inayotolewa kupitia mfumo wa mamlaka ya kodi, na kila mtu anajua kwamba bodaboda wa Railways hana ankara hiyo, na huenda hata nyumba ya wageni iliyokupa kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu haikuwa nayo. Hilo ni tatizo la kampuni na mamlaka ya kodi. Halifuti ahadi iliyotolewa kwako, kwa kuwa mwaliko uliomba risiti tu, haukuomba ankara ya eTIMS. Tikiti ya treni ina jina lako, nambari ya kitambulisho, tarehe na bei, hivyo hakuna karatasi bora kuliko hiyo. Kwa matatu na tuktuk ulizolipa kwa simu, chukua taarifa ya M-Pesa ya siku hizo mbili na upige mstari chini ya malipo yanayohusika. Kwa ulizolipa taslimu, andika kwenye karatasi moja tarehe, ulikotoka, ulikokwenda na kiasi, kisha utie sahihi.

Niongeze jambo ambalo walio nje ya ofisi hawalioni. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo fomu za namna hii zilikaa kwenye droo miezi minne, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mfumo wa malipo ulitambua watu wa aina mbili, wafanyakazi walio katika orodha ya mishahara na wauzaji walio katika orodha ya ankara, na mwombaji kazi si huyu wala si yule. Ili alipwe, ilibidi mtu aandike vocha ya petikashi, yaani pesa taslimu za matumizi madogo ya ofisi, apate sahihi mbili, na aseme ni idara gani itakayobeba gharama. Na idara iliyokuwa na nafasi iliwaambia rasilimali watu ni yenu, nao wakajibu ni yenu. Afisa unayempigia simu huenda hana uwezo wa kukulipa hata akitaka, na baada ya simu ya tisa anaona haya kushika ya kumi. Ndiyo maana nakushauri uache kupiga simu na uandike.

Andika barua pepe moja kwa mkuu wa rasilimali watu, nakala kwa mkuu wa fedha, ukijibu juu ya mwaliko ule ule ili maneno yao yabaki chini ya yako. Inatosha kusema hivi: "Nilihudhuria mahojiano katika ofisi yenu kwa mwaliko ulio hapa chini, ambao uliahidi kunirejeshea gharama za usafiri. Niliwasilisha fomu na risiti siku hiyo hiyo mapokezi. Ninaambatanisha tena nakala zake pamoja na orodha ya jumla ya shilingi 5,650. Naomba mnilipe kwa nambari ya simu iliyo kwenye fomu ndani ya siku 14, au mnijulishe kwa maandishi ni kipengele kipi mnachokikataa na kwa sababu gani." Usitaje mahojiano yalivyokwenda, usimtaje aliyepata kazi, wala usitishie. Ombi la kukataa kwa maandishi ndilo lenye nguvu, maana watu wengi wanaoweza kukukwepa kwa simu hawapendi kuweka sahihi yao chini ya sababu dhaifu.

Mtandaoni usiende. Nambari ya afisa huyo ni taarifa yake binafsi, na kuisambaza ukimwita mwizi kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 au kwa kesi ya kumharibia mtu jina. Isitoshe, waajiri wa mji huu wanasoma mtandao kama sisi.

Na mahakama? Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inakusudiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ila haipokei mizozo ya ajira, na kampuni ikimleta wakili, hoja yake ya kwanza huenda ikawa hiyo. Jibu lako litakuwa kwamba hukuwahi kuajiriwa nao hata siku moja, na kwamba unadai pesa zilizoahidiwa tu. Lakini mwulize karani wa mahakama kabla ya kulipa ada yoyote. Kwa ofisi ya leba unaweza kwenda kuomba ushauri, ingawa kazi yake hasa ni malalamiko ya walioajiriwa. Kwa kawaida dai la mkataba lina miaka 6 kabla halijapitwa na wakati, kwa hiyo hakuna anayekukimbiza. Mimi ningeiweka mahakama mwisho kabisa, kwa sababu safari nyingine ya Nairobi kwa ajili ya shilingi 5,650 inaweza kuila yote.

Baadaye: Nilimtumia msomaji huyu majibu haya kabla ya kuchapishwa, akaandika barua kama nilivyoeleza. Siku ya kumi na moja kampuni ilimtumia shilingi 3,850, yaani treni na usafiri wa mjini, pamoja na karatasi ya kutia sahihi kwamba "hana dai lingine lolote". Ananiuliza atie au asitie. Pesa zimekwisha kuingia na ni zake, sahihi hailazimiki. Ajibu kwa shukrani kwamba amezipokea kama sehemu ya malipo na kwamba chumba cha shilingi 1,800 bado kinangojewa. Wakikataa kwa maandishi, ningekuwa yeye ningeandika mara moja zaidi kuhusu tofauti ya "nauli" na "gharama za usafiri", na baada ya hapo ningeacha. Mjomba amekwisha kupewa 3,850 zake, naambiwa, na amesema nyingine anaweza kungoja.

SWALI: Nilihojiwa kwa kazi ya ofisi moja ya umma, na mwenyekiti wa jopo akatuambia kwa mdomo kwamba tulio kutoka mbali tutapewa nauli. Hatukupewa. Je, njia ni ile ile?

Msomaji, Kitengela

JIBU: Kwa sehemu. Soma kwanza tangazo la kazi, kwa kuwa matangazo mengi ya ofisi za umma huwaeleza waombaji kwamba watajigharimia, na neno la mdomo la mwenyekiti litapata taabu kushindana na tangazo lililochapishwa. Waandikie, mkiwa wengi kadiri iwezekanavyo, mkitaja siku, saa na aliyesema. Kinachowafaa ninyi kuliko yule wa Kisauni ni kwamba ofisi ya umma inawajibika kujibu: chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 unaweza kuomba kujua dai lako limefikia wapi, na kwa kawaida jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Wakinyamaza, ipelekee malalamiko tume ambayo wengi huiita Ombudsman, isiyotoza ada na ambayo kazi yake ni hasa ofisi za umma zinazowachelewesha au kuwapuuza wananchi.

SWALI: Mtu amenipigia akisema nauli yangu ya mahojiano iko tayari, lakini nitume kwanza shilingi 650 za kufungua faili. Nitume?

Msomaji, Kayole

JIBU: Usitume. Anayedaiwa nawe angekata hizo 650 katika pesa anazopaswa kukulipa. Ukiletewa ujumbe wa namna hiyo kwenye laini ya Safaricom, usambaze kwa 333.

SWALI: Mshauri, mimi ni msaidizi wa rasilimali watu katika kiwanda kidogo cha Industrial Area. Bosi anataka tufute kabisa sentensi ya kurejesha nauli kwenye mialiko yetu kwa sababu kila mara inatuletea ugomvi. Mimi naona tutakosa watu wazuri wa mbali. Tufanyeje?

Msomaji, South B

JIBU: Bosi wako ana haki ya kuifuta, mradi aifute waziwazi: mwaliko uandike kwamba kila mwombaji atajigharimia, ili anayetoka Kakamega au Garissa aamue akiwa nyumbani kwake kama ataweza. Kinacholeta ugomvi ni sentensi ya nusu mstari iliyoandikwa na mtu asiyeshika pesa. Mkiamua kuibakiza, iandikwe pamoja na mhasibu kabla ya mwaliko kutumwa, na itaje kiwango cha juu kabisa, kama malazi yamo au hayamo, ni karatasi gani zitakazokubaliwa na mtu atafanyaje kwa bodaboda isiyo na risiti, pesa zitalipwa lini, na ni nani wa kuulizwa, kwa cheo na si kwa jina, maana watu huhama.

Kwa wanaotoka Mombasa au Voi, njia isiyo na karatasi nyingi ni ninyi wenyewe kukata tikiti ya treni kwa simu na kumtumia mwombaji. Karani wenu atabaki na kumbukumbu ya malipo, na kijana hatalazimika kumkopa mjomba wake. Mwingine mngeweza kuzungumza naye kwanza kwa video, ili anayeitwa Nairobi awe ni yule mliyeona kweli anaelekea kupata kazi. Na fomu ya marejesho apewe anapofika, kabla ya kuingia kuhojiwa, nayo petikashi ilipwe siku hiyo hiyo kabla hajaondoka mapokezi. Akishapokea ujumbe wa kwamba hakufaulu, kila simu atakayopiga kuuliza nauli itasikika kwenu kama lawama, hata kama anachouliza ni zile 1,500 za tikiti tu.